Sadaka ya Persida Isiyojibiwa

Sahani zilikuwa zimekwisha kulambwa, na binti wa kunasa sauti alikuwa anakunja nyaya zake, ndipo Stamena, jirani wa ua kwa ua, alipouliza swali ambalo hakuna aliyekuwa tayari kulisikia.

"Hivi jamani, kuna mtu aliyejibu?"

Watu ishirini na wanne walitazamana juu ya mifupa ya nguruwe. Mmoja alijifuta mdomo. Mwingine alianza kutafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani. Bibi Persida, mwenye shughuli, alikuwa amekaa kichwani mwa meza, nguo mpya tupu kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi. Mbele yake mshumaa wa sadaka ulikuwa umeteketea hadi chini. Uso wake ulikuwa bado na furaha ya mtu aliyetua mzigo, na swali lile lilipomfikia, furaha ilimtoka polepole mpaka ikaisha.

Sisi wa Rudna Valja, Wavlahi wa milimani, mtu mwenye akili zake hasubiri afe ndipo afanyiwe arobaini. Watoto wako Vienna, wajukuu hawajui hata jina la mto wetu, nani atakayekukumbuka? Basi unajifanyia mwenyewe ungali na meno yako. Unachinja, unaoka mikate, unawaita majirani, na kila unachokitoa unakitaja kwa sauti: mkate huu uwe mbele ya Persida, maji haya yawe mbele ya Persida, na kitana, na kiti, na taulo. Wageni wanajibu, "Bogdaproste," yaani Mungu apokee na asamehe. Neno hilo moja ndilo linalokivusha kitu. Lisiposemwa, nguruwe ameliwa na majirani wameshiba, lakini kule ng'ambo meza yako ni tupu, na utakaa gizani ukiwatazama wenzako wakila.

Na kweli hakuna aliyejibu. Ognjen, mwongozaji wa filamu kutoka mji mkuu, alikuwa ameomba kimya tangu asubuhi. Kijana mstaarabu, mwenye ndevu za kuchana, aliyekuja kupiga filamu ya mila zetu kabla hazijapotea. "Nawaomba sana," alisema. "Bibi akianza kusema, msikohoe, msiguse kijiko. Nataka sauti yake peke yake." Watu wa kwetu huibishia serikali na humbishia padri, lakini mbele ya kamera walikaa kama wanafunzi siku ya mkaguzi. Persida alitaja vitu kumi na viwili. Mara kumi na mbili walifungua midomo, wakamwona binti wa sauti ameweka kidole juu ya midomo yake, wakafunga. Persida, mwenye sikio moja bovu na taa kali machoni, aliona midomo ikifunguka akadhani amejibiwa.

"Hakuna tatizo," Ognjen alisema alipoelezwa. "Tunarudia. Leteni mshumaa mwingine, dakika kumi tu."

Stamena alipiga ishara ya msalaba mara tatu. "Mshumaa wa mtu aliye hai huwashwa mara moja, baba. Wa pili ni wa kumwita."

"Kumwita nani?"

"Huyo huyo unayemfikiria."

Persida aliinuka, akaifunga ile nguo mpya vizuri kifuani. Hakupiga kelele. "Nani aliwaleta watu hawa nyumbani kwangu?" aliuliza, ingawa alijua kama sote tulivyojua, na macho ya watu ishirini na wanne yakamwendea mkamwana wake, Verica, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa.

Verica alikuwa amemaliza miaka kumi na minane katika nyumba ile bila kusifiwa hata kwa supu. Ognjen alipopita kijijini akitafuta nyumba yenye sadaka ya namna hiyo, Verica alimkaribisha akidhani safari hii atailetea familia sifa. Kahawa ilipoa mikononi mwake, na hakuna aliyeichukua.

*

Persida hakugoma kula. Angegoma, watu wangembembeleza, na kubembelezwa ni aina ya chakula. Alichofanya ni kula vijiko vitatu vya ugali wa mahindi na kipande cha jibini chenye ukubwa wa ukucha, kisha kuisukuma sahani.

"Mama, kula," Trailo, mwanawe, anamwambia.

"Najizoeza. Niendako hakuna kitu. Bora tumbo lijue mapema."

"Mama, lile ni neno tu."

"Neno tu? Na wewe siku ya harusi ulisema maneno mangapi mbele ya padri? Moja. Na tazama ulichokipata."

Verica yuko pale pale, anaosha vyombo. Maji yanamwagika kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida, basi.

Trailo aliendesha lori la mawe ya shaba mgodini, na kule mgodini watu hawana huruma. Kila alipopanda lori, wenzake walijiwekea vidole midomoni: shhh. Alirudi nyumbani na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwa mkewe. "Ulikuwa unataka nini hasa?" alimuuliza. "Uonekane kwenye televisheni? Haya, umeonekana. Mama yangu atakaa gizani milele kwa sababu yako." Halafu alitoka kwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Dukani ilikuwa mbaya zaidi. "Verica, mwenzangu," mwanamke mmoja alimwambia mbele ya foleni nzima, "Jumapili nina wageni, na wakwe zangu wana midomo kupita kiasi. Njoo uninyamazishie, nasikia unajua." Watu walicheka. Verica alinunua chachu na chumvi, akasahau sukari aliyoijia, akaona haya kurudi.

Walijaribu njia nyingine. Padri alisema mambo hayo hayamo katika kitabu chake, akaipokea chupa ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, akaondoka. Majirani walisema wako tayari kuja kulitamka neno hilo hata kesho, bure, bila nguruwe, lakini wakamwuliza Persida watakijibu kitu gani, maana mshumaa hauwaki na chakula hakijatajwa. "Ni kama kuitikia salamu ya mtu aliyepita jana," Stamena alisema, na kwa bahati mbaya alisema kweli.

Siku moja mchana, theluji ikiwa imefika magotini, Verica alijificha nyuma ya rundo la kuni akampigia Ognjen simu.

"Naomba uziweke sauti zetu ndani," alisema. "Mna mashine za kufanya hivyo. Tutakuja wote, tutalisema neno, wewe ulibandike pale penye kimya."

"Bi Verica, siwezi kuweka kitu ambacho hakikuwepo. Filamu ya namna hii ikidanganya mara moja, imekufa."

"Na kutunyamazisha haikuwa uongo?"

"Sikujua," Ognjen alisema. "Kwa Mungu sikujua. Lakini sasa kile kimya ndicho filamu yenyewe. Watu niliowaonyesha wamelia. Hata jina lake ndilo hilo, Kimya."

Verica aliirudisha simu mfukoni. Aliingia ndani, akachochea moto, akatia kuni, na hakumwambia mtu filamu inaitwaje.

*

Mwezi wa tano ulikuja mwaliko. Filamu imechaguliwa katika Tamasha la Majirani Wote, kule Novi Sad, mahali wanapokutana watu wa lugha kumi na tano kuonyeshana filamu, ngoma na vyakula vyao. Familia inakaribishwa. Tafadhali mje na mavazi ya asili, na vyakula vya asili kwa ajili ya meza ya pamoja.

"Ili watutazame kama dubu wa sarakasi," Trailo alisema. "Hatuendi."

Persida, ambaye wakati huo alikuwa amekonda mpaka pete imefungwa uzi isidondoke, alinyanyua kichwa kutoka kwenye kiti chake karibu na jiko. "Hiyo filamu iko huko?"

"Iko huko, Mama," Verica alijibu.

"Na maneno yangu yamo ndani?"

"Yamo."

"Yote kumi na mawili?"

"Yote."

"Basi naenda kuyachukua. Siwezi kufa maneno yangu yamefungiwa kwenye kisanduku cha mtu." Akamgeukia Verica, na ilikuwa mara ya kwanza tangu sadaka ile ya Oktoba kumtazama machoni. "Oka mikate. Na usibane siagi kama kawaida yako."

Verica alioka siku mbili. Trailo aliosha gari, akanung'unika, akaosha tena.

*

Kwenye mlango wa ukumbi msichana mwenye orodha aliwatazama: koti la ngozi ya kondoo la Trailo, sketi ya Persida ya kufuma, Verica na makapu yake matatu. "Nyinyi ni ngoma au bendi?"

"Sisi ni wa filamu," Verica alisema.

"Wa burudani wote wanapita mlango wa nyuma."

Walipita mlango wa nyuma. Walivishwa kadi shingoni zilizoandikwa BURUDANI. Mikate yao ilipangwa kwenye meza ndefu kati ya soseji za Wahangari na vitobosha vya Waslovakia, na mbele yake kikawekwa kibao: Mlo wa watu wanaotoweka. Persida hakuwa na miwani. "Kimeandikwa nini?" aliuliza. "Kimeandikwa karibuni," Verica alijibu, na mkono ulipopata nafasi alikigeuza kibao kikatazama ukuta.

Viti vya mbele vilikuwa vya waamuzi na wakubwa. Wao walipewa safu ya mwisho, pembeni ya nguzo. Mbele yao walikaa wapiga tarumbeta wa Kirom waliovaa fulana nyekundu, kulia wanawake wa Kislovakia na sketi zao za wanga zilizokula viti viwili viwili, na kushoto kwaya nzima ya Warusini wakigawana mbegu za alizeti kwa siri. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi.

Mshereheshaji alipanda jukwaani, bwana mmoja wa suti inayometameta. Aliwasalimu watu kwa lugha tano, akapigiwa makofi kwa kila moja, kisha akaishusha sauti.

"Kabla ya filamu yetu ya leo, nawaomba tusimame dakika moja kwa kimya, kumkumbuka mhusika wake mkuu, marehemu Bibi Persida Trailović, ambaye hakujaliwa kuiona siku hii."

Watu mia nne wakasimama. Persida, sikio lake zima likiwa upande wa nguzo, aliona wenzake wamesimama, na yeye hakulelewa ovyo. Alisimama, akapiga ishara ya msalaba, akainamisha kichwa kwa huzuni ya kweli. Zilipita sekunde ishirini.

"Masikini," alimnong'oneza Verica. "Alikuwa na watoto?"

"Mama," Verica alisema. "Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Marehemu. Marehemu ni wewe."

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Mtu mmoja ofisini aliiona picha ya bibi mwenye mshumaa na mikate na msalaba wa unga mbele yake. Kwao sadaka ya namna hiyo ni ya maiti tu, basi akaweka alama ya msalaba kando ya jina, yaani amekufa, na kuendelea na kazi zake. Lakini Persida hakuyajua hayo, wala yasingemsaidia. Alinyoosha mgongo. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba sauti yake ilifika hadi kwa waamuzi.

"Tena kimya! Nikiwa hai mnaninyamazia, nikifa mnaninyamazia. Nyinyi watu mtasema lini?"

Vichwa mia nne viligeuka. Mshereheshaji alianza kupekua karatasi zake.

"Yu hai!" Trailo alipaza sauti, amekuwa mwekundu hadi masikioni. "Ndiye huyu! Ana miaka sabini na saba na amenigombeza tangu tulipopita Požarevac kwa kuendesha taratibu!"

Kicheko kilianza kwa Warom, kikavuka sketi za Waslovakia, kikafika mbele, na kikageuka makofi. Ognjen alikuja mbio kupitia njia ya katikati, uso mweupe kama chokaa, akaushika mkono wa Persida akaubusu. "Bibi, nisamehe, si mimi niliyeandika."

"Nipe maneno yangu," Persida alimwambia. "Nimekuja kuyachukua."

"Baada ya filamu, Bibi. Nakuahidi." Alirudi kwenye kiti chake cha mbele, na taa zikazimwa.

*

Nitasema haki: ilikuwa filamu nzuri. Milima yetu ilionekana kama tunavyoiona sisi, na si kama inavyochorwa kwenye kalenda. Mikono ya Persida ikikanda unga ilijaza kitambaa chote cha sinema, na kila ufa wa vidole vyake ulionekana. Kisha ikaja meza, na mshumaa mrefu unaowaka, na uso wake.

"Mkate huu uwe mbele ya Persida," alisema Persida wa kwenye filamu.

Ukafuata kile kimya. Nzi alisikika. Watu ukumbini waliacha hata kutafuna mbegu. Mwanamke mmoja mbele alijifuta machozi. Walidhani wanatazama kitu kizuri sana, na sisi wa nyuma tulijua (nasema sisi kwa kuwa nina haki hiyo, ni watu wangu, nami nilisimama nyuma ya kiti chao) kwamba wanatazama mtu anayeporwa.

"Umesikia?" Persida alinong'ona. "Hakuna."

"Maji haya yawe mbele ya Persida."

Hakuna. Na nyuma ya meza, kwenye filamu, Verica alijiona mwenyewe na sinia mkononi. Aliuona mdomo wake ukifunguka, na aliuona ukifungwa. Hakuwa amewahi kujiona namna hiyo. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa kuishusha sauti akisema lugha yetu mjini: shuleni, kwenye basi, dirishani kwa karani. Alikuwa ameizoea kazi hiyo hata asijue anaifanya, na sasa aliiona ikifanyika, ikiwa na ukubwa wa nyumba.

"Kitana hiki kiwe mbele ya Persida."

Mshumaa kwenye filamu ulikuwa unawaka. Verica aliutazama. Haukuwa wa pili. Ulikuwa ule ule wa Oktoba, uliowashwa mara moja, na bado ulikuwa umebaki zaidi ya nusu.

Aliinuka. Alikishika kiti cha mbele.

"Bogdaproste!"

Sauti ilitoka imekwaruza. Mtu alisema shhh. Ognjen aligeuka kule mbele, na kwa mazoea tu, bila ubaya, akaweka kidole midomoni. Verica alikitazama kile kidole kwa muda wote ambao Persida wa kwenye filamu alichukua kunyanyua kitu kinachofuata.

"Kiti hiki kiwe mbele ya Persida."

"Bogdaproste!" Safari hii walikuwa wawili, kwani Trailo naye alisimama, na yeye anayo sauti ya kuita lori bila honi.

Mpiga tarumbeta wa mbele yao, mzee wa masharubu, aligeuka. "Dada, mnamjibu nani?"

"Mama mkwe. Anatoa sadaka yake na hakuna aliyempokelea. Wasipojibu, hapati kitu huko."

"Na ulikuwa unangoja nini usituambie?" Yule mzee aliwapiga wenzake mabegani. "Nyie! Bibi anajitolea sadaka, mmekaa tu kama magunia?"

Taulo lilipotajwa, fulana nyekundu tisa zilisimama pamoja. Neno lenyewe si geni katika nchi ile. Kila kabila linalo kwa namna yake kwenye makaburi yake, na waliokosa walifundishwa na jirani wa kiti. Lilipita safu hadi safu kwa lugha tano. Viatu vilipotajwa, wanawake wa Kislovakia walijibu kwa sauti zao nyembamba za kanisani, nusu wakilikosea. Kioo kilijibiwa na kwaya ya Warusini kwa sauti nne, maana kwaya haijui kufanya jambo kwa sauti moja. Kwenye divai Wahangari waliingia wote, na hilo halikumshangaza mtu. Kitu cha kumi na mbili kilipotajwa, blanketi la sufu, jengo zima lilijibu, waamuzi wakiwa wamesimama, na Ognjen akiwa katikati yao, kidole kimeshuka, analia bila kujificha.

Watu walianza kupiga makofi. Wakakumbatiana na wasiowajua. Ni Persida peke yake ambaye hakupiga makofi. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Kumi," alisema. Kisha kwa sauti kubwa: "Kumi! Mkate na maji bado! Nitakaa huko na kitana na viatu na blanketi, bila mkate?"

Mzee wa tarumbeta ndiye aliyeanza. "Rudisha!"

"Rudisha!" ukumbi ukaitikia. "Rudisha! Rudisha!" Mshereheshaji alipanda jukwaani kuwaeleza kwamba kanuni za tamasha haziruhusu, kwamba kuna filamu nyingine saa kumi na moja, na hakuna aliyesikia hata neno moja. Ognjen alikuwa amekwisha kuondoka kitini. Alipanda ngazi za nyuma tatu tatu, akapita kando ya Verica bila kumtazama, akaingia kwenye chumba cha mitambo. Ulisikika mlango, na sauti ya mtu anayebishana, na sauti yake ikisema: "Ni filamu yangu, nasema rudisha!"

Na picha zikarudi nyuma. Blanketi likakunjuka, divai ikapanda kutoka glasi kuingia chupani, na mshumaa ukarefuka mbele ya macho yetu mpaka ukawa kama ulivyokuwa mwanzo. Persida aliutazama ukirefuka. Alikuwa amemshika Verica mkono, kwa nguvu, labda bila kujua ni mkono wa nani.

"Mkate huu uwe mbele ya Persida."

Sijawahi kusikia jibu kama lile, wala sidhani nitalisikia tena. Taa za dari zilitikisika.

"Maji haya yawe mbele ya Persida."

Nalo likajibiwa. Persida akatoa pumzi ndefu, akakaa. "Basi," alisema. "Stamena akiuliza, mwambieni mshumaa ulikuwa mmoja."

*

Nje, kwenye meza ndefu, watu walikuwa wanapanga foleni mbele ya mikate ya Verica hata soseji zikasahauliwa. "Waliokula hawakusema, na waliosema hawakuwa wamekula," Persida alitangaza. "Sasa kuleni." Wakala. Ognjen alikuja na kisanduku kidogo cheusi, amekishika kwa mikono miwili.

"Maneno yako, Bibi. Yote yamo humu. Ukiyataka, ni yako, na filamu haitaonyeshwa tena."

Persida alikitazama kile kisanduku, akakirudisha kifuani pa kijana. "Baki nayo. Yamekwisha fanya kazi yake. Lakini ukionyesha mahali, waambie kwanza watu cha kujibu. Na jina la filamu libadilishe, ni la uongo."

Msichana wa mlangoni naye alikuja, macho mekundu, ameshika kijitabu cha ratiba na kalamu ili afute ile alama ya msalaba kando ya jina. Persida alimzuia. "Acha, mwanangu. Siku yenyewe ikifika mtakuwa mmeokoa wino." Halafu akanusa hewani. "Verica. Nina njaa."

Verica alimega mkate wa mwisho, wenye siagi tele, akaweka juu yake kipande cha jibini. Alikuwa anampa tu, kama alivyompa kila siku kwa miaka kumi na minane. Lakini mkono ulisimama njiani. Mama yake mzazi alikuwa amefariki mwaka ule alioolewa, na katika nyumba ile hakuwahi kuthubutu kumtaja mezani, kwa kuwa meza haikuwa yake.

"Mkate huu," alisema akimtia mkononi, na sauti haikushuka, "uwe mbele ya mama yangu, Jelenka."

Persida alikuwa amekwisha kuuma. Aliacha kutafuna. Trailo alitazama viatu vyake. Bibi kizee yule aliumeza ule mkate kwanza, maana neno hili halisemwi mdomo umejaa, akajifuta kwa ncha ya kitambaa, akasimama wima kadiri kiuno kilivyomruhusu, akajibu kwa sauti iliyowafanya Warom mwisho wa meza wageuke kuona ni nani tena anayetoa sadaka.

"Bogdaproste, Verica. Bogdaproste."